Kutambua Wagonjwa Wazee Walio Katika Hatari ya Udhaifu kwa Kutumia Kumbukumbu za Hospitali: Mwongozo Kamili

Wazee wawili, wote wa miaka 80, wanaweza kulazwa wodi moja siku moja kwa nimonia. Mmoja anapewa dawa, homa inashuka, na siku ya tano anarudi nyumbani kwa miguu yake. Mwingine homa yake inashuka vilevile, lakini usiku wa pili anaanza kuongea ovyo na kutomtambua mwanawe, siku ya nne anaanguka akielekea msalani, na anaporuhusiwa wiki ya tatu hawezi tena kuinuka kitandani bila kushikwa. Ugonjwa ulikuwa mmoja na dawa zilikuwa zilezile. Kilichotofautiana ni akiba ya mwili ambayo kila mmoja alikuja nayo. Upungufu wa akiba hiyo ndio ninaouita katika mwongozo huu udhaifu wa uzeeni: hali ambayo mifumo mingi ya mwili imechoka kwa pamoja, kiasi kwamba jambo dogo, kama maambukizi ya njia ya mkojo au dawa mpya ya usingizi, linamwangusha mtu ambaye wiki moja kabla alikuwa akijimudu. Ndugu wanaomleta mgonjwa wana neno lao la kuieleza hali hii, nalo linakaribia ukweli kuliko maneno mengi ya kitabibu: husema mzee "amechoka".

Mwongozo huu unaeleza, hatua kwa hatua, jinsi ya kutumia kumbukumbu ambazo hospitali tayari inazo ili kujua ni wazee gani wanaostahili kuchunguzwa mapema. Umeandikwa kwa ajili ya mtunza kumbukumbu za afya, mchambuzi wa data na mganga au muuguzi wa wodi, kwa sababu kazi hii huharibika pale mmoja kati ya hao watatu anapoifanya peke yake. Mfano mkuu unatoka Uingereza, ambako njia inayotumika zaidi ilibuniwa na kupimwa. Pale ambapo hospitali za Tanzania au Kenya zitakutana na tofauti ya kweli, nimeieleza. Jambo moja lishikwe tangu mwanzo, maana hatua zote zinalitegemea: alama inayotokana na kumbukumbu hupima kilichoandikwa kuhusu mzee, haimpimi mzee mwenyewe.

Hatua ya kwanza: amua swali kabla ya kufungua data

Alama za udhaifu hutumika kwa kazi tatu zisizofanana. Ya kwanza ni kumtafuta mgonjwa aliyelazwa leo ili timu imwone mapema. Ya pili ni kupanga huduma, kwa mfano kujua ni wodi ipi yenye wazee wengi dhaifu ili ipewe wauguzi wa kutosha. Ya tatu ni kulinganisha matokeo kwa haki, kwa kuwa hospitali inayopokea wazee dhaifu zaidi itakuwa na vifo vingi zaidi hata kama inatibu vizuri.

Tofauti hii si ya nadharia tu. Katika hospitali nyingi misimbo ya magonjwa, yaani vifupisho vya herufi na tarakimu vinavyowakilisha kila ugonjwa, huandikwa mgonjwa akisharuhusiwa, mtunza kumbukumbu anapolisoma jalada zima. Kwa kazi ya pili na ya tatu hilo si tatizo, kwa sababu unaangalia nyuma. Kwa kazi ya kwanza ni tatizo kubwa: siku mzee anapolazwa, misimbo ya safari hii ya kulazwa bado haipo, na unachoweza kutumia ni kumbukumbu za safari zilizopita pekee. Nimeona mipango mizuri ikikwama hapa, kwa sababu aliyeijenga alijaribu alama yake kwa majalada yaliyokamilika, kisha akashangaa kwamba kwenye mapokezi haisemi kitu. Andika swali lako kwa sentensi moja, na chini yake uandike ni taarifa gani zinakuwepo saa ile ambayo jibu linahitajika.

Hatua ya pili: chagua kipimo kinachoendana na taarifa ulizonazo

Vipimo vya udhaifu ni vingi, lakini chanzo chake ni mawazo mawili. Wazo la kwanza, lililochapishwa na Linda Fried na wenzake nchini Marekani mwaka 2001, linauona udhaifu kama dalili tano: kupungua uzito bila kukusudia, kuhisi uchovu, kukosa nguvu za mkono, kutembea polepole na kupunguza shughuli. Mwenye dalili tatu au zaidi huhesabiwa kuwa dhaifu, na mwenye moja au mbili yuko njiani kuelekea huko. Ni kipimo kizuri, ila kinahitaji kifaa cha kupima nguvu za mkono na mgonjwa anayeweza kutembea, kwa hiyo hakipatikani ndani ya kumbukumbu za kawaida.

Wazo la pili, la Arnold Mitnitski na Kenneth Rockwood wa Kanada, pia la mwaka 2001, linahesabu mapungufu. Orodhesha mambo 30 au zaidi yanayoweza kumpata mzee, kuanzia ugonjwa wa moyo hadi kushindwa kujivisha, kisha gawanya idadi aliyonayo kwa idadi uliyopima. Mwenye mapungufu 10 kati ya 40 ana 0.25, na hapo ndipo watafiti wengi huanza kumwita mtu dhaifu. Kutokana na wazo hili Andrew Clegg na wenzake nchini Uingereza walichapisha mwaka 2016 fahirisi ya kielektroniki yenye mapungufu 36, inayosoma kumbukumbu za daktari wa familia, anayezidi 0.36 huwekwa kundi la udhaifu mkubwa. Tangu mwaka 2017 mkataba wa madaktari wa familia wa Uingereza unawataka kuwatambua wagonjwa wenye umri wa miaka 65 na zaidi walio na udhaifu wa kati au mkubwa. Kwetu, ambako wengi hawana daktari mmoja anayewafuatilia miaka yote, fahirisi hiyo haina pa kusimama.

Kwa hospitali, kipimo kilichotengenezwa mahsusi ni kile kinachojulikana kwa kifupi HFRS, yaani alama ya hatari ya udhaifu hospitalini. Kilichapishwa mwaka 2018 na Thomas Gilbert na wenzake. Walichukua kumbukumbu za wagonjwa 22,139 wenye miaka 75 na zaidi, wakatafuta kundi ambalo hutumia sana vitanda vya hospitali na lina magonjwa yanayoambatana na udhaifu, kisha wakakusanya misimbo ya ICD-10 (toleo la kumi la orodha ya kimataifa ya magonjwa) ambayo katika kundi hilo ilionekana angalau mara mbili zaidi kuliko kwa wengine. Ilipatikana misimbo 109. Kila mmoja ulipewa pointi, na jumla ya pointi ndiyo alama ya mgonjwa: chini ya 5 ni hatari ndogo, 5 hadi 15 ni ya kati, na zaidi ya 15 ni kubwa. Hatua zinazofuata zinatumia kipimo hiki.

Hatua ya tatu: pata kumbukumbu za mgonjwa mmoja mmoja, na uziunganishe

Takwimu za jumla hazifai kwa kazi hii. Ripoti ya mwezi ya MTUHA, mfumo wa taifa wa taarifa za huduma za afya, inayoingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa DHIS2 inasema wazee wangapi walilazwa kwa nimonia, lakini haisemi kwamba mmoja wao aliwahi kulazwa kwa kiharusi mwaka jana. Unahitaji mistari ya mgonjwa mmoja mmoja kutoka kwenye mfumo wa kielektroniki wa hospitali, kama GoTHoMIS kwa hospitali za umma za Tanzania, au, kama mfumo haupo, rejista ya wodi iliyonakiliwa kwa uangalifu kwenye kompyuta.

Andaa majedwali matatu. La kwanza liwe na mgonjwa: namba yake, tarehe ya kuzaliwa au umri, na jinsia. La pili liwe na kila safari ya kulazwa: tarehe ya kuingia, ya kutoka, wodi, na jinsi alivyotoka, akiwa hai au amefariki. La tatu liwe na misimbo: mstari mmoja kwa kila msimbo wa kila safari, ukiwemo ule mkuu na yote ya ziada. Wengi huchukua msimbo mkuu peke yake, na hapo kazi yote inaharibika, kwa sababu udhaifu karibu daima umejificha kwenye misimbo ya ziada. Mzee amelazwa kwa kuvunjika nyonga. Kuchanganyikiwa, kukosa maji na vidonda vya kulalia viko mstari wa tatu, wa nne na wa tano.

Kisha unganisha safari. HFRS inasoma misimbo ya safari ya sasa pamoja na ya miaka 2 iliyotangulia, kwa hiyo ni lazima ujue kwamba aliyelazwa Machi ndiye yule aliyelazwa Oktoba. Nchini Uingereza kila mtu ana namba moja ya huduma ya afya maisha yake yote. Kwetu mzee aliyesahau kadi nyumbani anaweza kufunguliwa jalada jipya, na papo hapo historia yake inafutika machoni pa kompyuta. Tafuta majalada pacha kwa kulinganisha jina, mwaka wa kuzaliwa, jinsia, kijiji au mtaa, namba ya simu ya ndugu na namba ya bima, na usikubali muunganiko unaotegemea jina pekee. Idadi ya akina Mwanaisha Juma na Hamisi Ali katika wilaya moja ya pwani inatosha kukufundisha.

Umri nao ukaguliwe. Wazee wengi waliozaliwa kabla ya vyeti vya kuzaliwa kuenea hukadiriwa umri, na makadirio hujazana kwenye 60, 65, 70, 75 na 80. Chora idadi ya wagonjwa kwa kila mwaka wa umri. Ukiona milima kwenye tarakimu hizo na mabonde katikati, usiweke mpaka mkali juu ya mlima. Kipimo kilijengwa kwa wenye miaka 75 na zaidi, ilhali Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60. Unaweza kukokotoa alama kwa wote kuanzia 60, ila matokeo ya walio chini ya 75 yaripotiwe peke yake, kwa kuwa hapo umetoka nje ya ardhi ambayo kipimo kilipimiwa.

Hatua ya nne: safisha misimbo

HFRS inatumia herufi na tarakimu mbili za mwanzo za msimbo wa ICD-10. Msimbo N39.0, ambao ni maambukizi ya njia ya mkojo, unakatwa na kuwa N39. Ondoa nukta na nafasi, geuza herufi zote kuwa kubwa, na utafute makosa ya vidole: herufi O iliyoandikwa badala ya sifuri, na herufi I badala ya tarakimu 1. Misimbo isiyoanza na herufi iwekwe kando na kuhesabiwa, isifutwe kimyakimya.

Hakikisha pia ni toleo gani linalotumika. ICD-11 ilianza kutumika rasmi Januari 2022, na misimbo yake ina umbo tofauti kabisa: ugonjwa wa Alzheimer, ambao katika ICD-10 ni G30, huko ni 8A20. Hospitali iliyobadilisha toleo katikati ya mwaka itaonekana kana kwamba wazee wake wote wamepona udhaifu siku moja. Kama hilo limetokea, tengeneza jedwali la kutafsiri misimbo pamoja na daktari. Usimwachie mtaalamu wa kompyuta pekee.

Hatua ya tano: kokotoa

Kanuni ni fupi. Kwa kila mgonjwa chukua misimbo yote ya safari ya sasa na ya safari zilizo ndani ya miaka 2 iliyopita, ondoa inayojirudia ili kila msimbo uhesabiwe mara moja tu, tafuta pointi za kila mmoja kwenye orodha ya 109, kisha jumlisha. Msimbo usiomo kwenye orodha hauna pointi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Bibi wa miaka 81 amelazwa baada ya kuanguka (W19, pointi 3.2) na kuvunjika mfupa wa paja (S72, pointi 1.4). Wodini alipata mkanganyiko wa ghafla (F05, pointi 3.2), maambukizi ya mkojo (N39, pointi 3.2) na chumvi za damu zikavurugika (E87, pointi 2.3). Ana presha (I10) na kisukari (E11), ambavyo vyote havina pointi. Jumla ya safari hii ni 13.3, hatari ya kati. Miezi 14 iliyopita alilazwa kwa madhara yaliyobaki ya kiharusi (I69, pointi 3.7) na tena kwa maambukizi ya mkojo, N39 haihesabiwi mara ya pili, lakini I69 inaingia, na jumla inafika 17.0, hatari kubwa. Miaka 3 iliyopita alilazwa kwa kifafa (G40, pointi 1.5), safari hiyo iko nje ya miaka 2, kwa hiyo inaachwa.

Sasa fikiria kwamba muuguzi wa zamu ya usiku aliandika "mgonjwa anaongea ovyo, anavua dripu" lakini hakuna aliyetafsiri maneno hayo kuwa F05. Alama inashuka hadi 13.8 na bibi anarudi kundi la kati. Mgonjwa hakubadilika hata kidogo. Umekosekana mstari mmoja tu.

Wengi hushangaa kwamba presha na kisukari havina pointi. Sababu iko kwenye jinsi orodha ilivyopatikana: magonjwa hayo yamejaa kwa wazee wote, wenye nguvu na wachovu, kwa hiyo hayawatenganishi. Kinachowatenganisha ni kuanguka, kuchanganyikiwa, kushindwa kuzuia mkojo (R32), vidonda vya kulalia (L89), kupotea kwa kumbukumbu. Ukiona mtu anatumia hesabu ya magonjwa sugu na kuiita udhaifu, ujue amepima kitu kingine.

Lipo jambo jingine kuhusu pointi ambalo halisemwi vya kutosha. Mgonjwa wa Alzheimer katika hospitali ya Uingereza huandikiwa misimbo miwili kwa pamoja, G30 kwa ugonjwa na F00 kwa kupotea kwa akili kunakotokana nao, kwa sababu ndivyo ICD-10 inavyoelekeza. F00 ina pointi 7.1, kubwa kuliko zote, na G30 ina 4.0, pamoja ni 11.1. Mgonjwa huyohuyo akiandikiwa F03, yaani upungufu wa akili wa uzeeni usiotajwa aina, anapata 2.1. Toleo la ICD-10 linalotumika Marekani halina F00 kabisa. Pointi hizi, basi, zimebeba ndani yake desturi ya uandishi wa nchi moja, na mahali ambapo karibu hakuna mzee anayeandikiwa upungufu wa akili, kwa sababu ndugu na waganga wote huuona kuwa uzee wa kawaida, alama zitakuwa ndogo hata wodi ikiwa imejaa wazee dhaifu.

Hatua ya sita: ichukulie sifuri kama swali

Mgonjwa mwenye alama 0 anaweza kuwa mzee mwenye nguvu. Anaweza pia kuwa mzee ambaye hajawahi kulazwa hapa, ambaye jalada lake la zamani halikuunganishwa, ambaye safari yake iliandikwa msimbo mmoja tu, au ambaye ni dhaifu mno na amekaa ndani miaka miwili bila kuletwa hospitali kwa sababu nauli ya gari haikupatikana. Kompyuta haioni tofauti kati yao, na orodha iliyopangwa kuanzia alama kubwa itamweka huyu wa mwisho chini kabisa.

Kwa hiyo usiwe na makundi matatu bali manne. Ongeza kundi la "taarifa hazitoshi", na uliwekee masharti: hakuna safari nyingine ndani ya miaka 2, na safari ya sasa ina misimbo isiyozidi miwili. Kundi hili lipewe kipaumbele sawa na la hatari ya kati, lichunguzwe kitandani. Pia kokotoa wastani wa misimbo kwa kila safari kwa kila wodi. Wodi yenye wastani wa misimbo 1.3 na wodi yenye 6 haziwezi kulinganishwa kwa alama hii. Utakuwa unalinganisha bidii ya makarani.

Hatua ya saba: pima alama yako hapa, kabla ya kuiamini

Uwezo wa HFRS usikuzwe. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa 1,013,590 waliolazwa kwa dharura nchini Uingereza, asilimia 20 waliangukia kundi la juu. Wakilinganishwa na kundi la chini, uwiano wa odi (ambapo 1 ni kutokuwa na tofauti kati ya makundi) wa kukaa hospitalini zaidi ya siku 10 ulikuwa 6.03, wa kufa ndani ya siku 30 ulikuwa 1.71, na wa kulazwa tena ndani ya siku 30 ulikuwa 1.48. Hata hivyo takwimu ya c, inayoonyesha ni mara ngapi alama inampanga juu yule ambaye kweli alipatwa na tukio, ilikuwa 0.68 kwa kukaa muda mrefu, 0.60 kwa kifo na 0.56 kwa kulazwa tena. Kurusha sarafu ni 0.5. Inasaidia kupanga kundi kubwa la watu. Kwa mtu mmoja inakisia tu. Makubaliano yake na vipimo vingine vya udhaifu nayo yalikuwa hafifu: kapa (ambapo 1 ni kukubaliana kabisa na 0 ni bahati tu) ya 0.22 na kipimo cha Fried, na 0.30 na cha Rockwood.

Kwenye hospitali yako fanya jaribio dogo. Chagua kwa bahati nasibu wazee wapatao 100 waliolazwa, kutoka makundi yote manne, na muuguzi aliyefundishwa awapime kitandani bila kuiona alama ya kompyuta. Kisha kaa na orodha ya waliokosana: wale ambao muuguzi amesema ni dhaifu na kompyuta imesema hatari ndogo. Soma majalada yao yote, mstari kwa mstari. Mara nyingi utagundua sababu mbili au tatu zinazojirudia, kama kuanguka kunakoandikwa kwenye historia lakini hakuwekewi msimbo, na kuzirekebisha hizo kutaboresha kazi kuliko kubadilisha kanuni. Kama hospitali ina data za miaka kadhaa na mtu anayejua takwimu, pointi zinaweza kukokotolewa upya kwa wagonjwa wa hapa. Lakini usianze na hilo.

Hatua ya nane: kutoka kwenye orodha hadi kitandani

Orodha ya asubuhi iwe fupi, iwe na majina ambayo timu inaweza kuyafikia siku hiyo. Kama kuna muuguzi mmoja na fizio mmoja, wazee sita wanaoonwa ni bora kuliko 40 wanaosomwa.

Kipimo cha kwanza kitandani kiwe cha Rockwood, si ile hesabu ya mapungufu bali kile cha ngazi 1 hadi 9, ambacho kilianza mwaka 2005 kikiwa na ngazi saba. Hakihitaji kifaa. Unauliza mzee alikuwaje wiki mbili kabla ya ugonjwa huu: alitembea mwenyewe? Alijipikia, alikwenda dukani, alishika pesa zake? Aliogeshwa na nani? Kuanzia ngazi ya 5 huhesabiwa kuwa dhaifu. Kosa la kawaida ni kumpima jinsi alivyo leo, akiwa na homa ya nyuzi 39. Leo kila mtu ni ngazi ya 7. Muulize anayeishi naye, ambaye si lazima awe mwana aliyefika kutoka mjini na kusimama mbele. Mara nyingi ni mjukuu wa kike aliyekaa kimya kwenye benchi, na ndiye anayejua ni lini bibi aliacha kwenda kuteka maji.

Kipimo cha pili kiwe cha mkanganyiko wa ghafla. Kipimo kiitwacho 4AT kinatumia dakika mbili tu, na alama 4 au zaidi huashiria kwamba upo. Sehemu yake moja inamtaka mgonjwa ataje miezi kwa kurudi nyuma, jambo ambalo mzee asiyepita shuleni anaweza kushindwa akiwa na akili timamu, kwa hiyo toa uzito kwa yale mengine: je, yuko macho sawasawa, na je, mabadiliko yamekuja ndani ya siku chache? Kwa kumbukumbu na akili kwa ujumla, tumia kipimo cha IDEA, kilichotengenezwa wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa ajili ya wazee wasiosoma, na ambacho humwomba mgonjwa apange njiti za kiberiti badala ya kuchora kwa kalamu. Wilaya hiyohiyo ndiyo iliyozaa B-FIT, kipimo kifupi cha udhaifu kwa Tanzania, na hospitali inayotaka kitu kilichojaribiwa kwa wazee wa hapa ianzie hapo.

Anayethibitika kuwa dhaifu afanyiwe tathmini kamili ya kizee: magonjwa, dawa zote anazomeza zikiwemo za duka la mtaani na za mitishamba, lishe, kutembea, akili, hisia, na nyumba anayorudi. Mapitio ya majaribio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, yalionyesha kwamba wazee waliofanyiwa tathmini hiyo hospitalini wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa hai na kuishi majumbani mwao baadaye. Mengi yanayofuata ni ya gharama ndogo: kutoa mpira wa mkojo usio wa lazima, kumrudishia miwani yake, kumkalisha kitini mara tatu kwa siku, kusimamisha dawa ya usingizi, kuhakikisha kuna mtu wa kumnywesha maji. Na matokeo ya tathmini yaandikwe kwa maneno yanayoweza kuwekewa msimbo. Daktari akiandika "mkanganyiko wa ghafla" badala ya "hajatulia", mtunza kumbukumbu ana la kuweka, na safari ijayo alama itakuwa na ukweli zaidi.

Hatua ya tisa: weka mipaka ya matumizi

Taarifa za afya ni taarifa binafsi nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Ondoa majina kwenye faili la uchambuzi, weka ufunguo wa namba mahali pengine, na orodha ya asubuhi isizungushwe kwenye kundi la WhatsApp la wodi, hata kama ndiyo njia ya haraka.

Zaidi ya siri kuna hatari ya alama kutumika kumnyima mtu huduma. Machi 2020, mlipuko wa UVIKO-19 ulipoanza, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, NICE, ilitoa mwongozo wa wagonjwa mahututi uliotumia kipimo cha Rockwood, na ndani ya siku chache ililazimika kuurekebisha ili kueleza wazi kwamba kipimo hicho hakiwafai vijana wala watu wenye ulemavu wa kudumu usiobadilika, kama vile matatizo ya kujifunza au mtindio wa ubongo. Hicho ni kipimo cha kitandani kinachotolewa na mtu aliyemwona mgonjwa. Alama ya kompyuta ina haki ndogo zaidi ya kuamua. Andikeni kanuni ya hospitali inayosema kwamba alama inatumika kuongeza uchunguzi tu, na kwamba hakuna mgonjwa anayenyimwa kitanda, upasuaji au oksijeni kwa sababu yake. Isainiwe na mganga mfawidhi kabla ya orodha ya kwanza kuchapishwa, nayo ibandikwe mahali ambapo daktari wa zamu ya usiku ataiona.

Kila baada ya miezi mitatu rudia hesabu za hatua ya sita na jaribio dogo la hatua ya saba, hata kwa wazee 30 tu, kwa sababu karani akihama, fomu ikibadilika au wodi ikianza kutumia mfumo mpya, alama hubadilika bila mzee hata mmoja kubadilika.